Hesabuni Baa za Mtaa Wenu Kabla Leseni Haijatoka



Baa mpya ikifunguliwa mtaani na watu wakilalamika, jibu huwa ni moja: "Lakini ana leseni." Sawa, ana leseni. Swali letu ni, hiyo ni leseni ya ngapi kwenye barabara hiyo hiyo?

Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile tuliyoizoea kama Sheria ya Mututho, inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka chekechea, shule ya msingi, sekondari au taasisi nyingine inayosomesha walio chini ya miaka 18. Rudia hayo maneno ya mwisho. Madrasa ya watoto wetu inasomesha nani kama si hao? Usikubali kuambiwa mita hizo ni za shule peke yake.

Baina ya baa na baa, sheria hiyo haikutaja mita. Ndiyo maana utakuta baa hapa, duka la pombe pembeni, klabu juu yake, na kila mmoja ana karatasi yake ukutani. Ukimshika mmoja mmoja, hana kosa. Wakijumlishwa, mtaa umekwisha: bei zinashindana kushuka, na kijana hana njia ya kurudi nyumbani isiyopita mlango wa pombe.

Lakini silaha ipo. Kifungu cha 12 kinaizuia kamati kutoa leseni mpya ya baa mpaka iridhike kwamba zilizopo hazitoshi kwa wingi wa watu wa eneo lile. Sasa nani amewahi kufika mbele ya kamati akasema zilizopo zinatosha, na hesabu hii hapa?

Wala msiambiwe hii ni chuki ya dini. Jimbo la New York, Marekani, lina kanuni ya futi 500, kama mita 150. Katika miji yenye watu 20,000 na zaidi, zikiwepo baa tatu ndani ya umbali huo, ya nne haipewi leseni ya pombe kali mpaka kikao kifanyike na ionekane ina manufaa kwa umma.

Hatumwambii mtu avunje mlango wa mtu. Tunasema hivi:

Moja, tembeeni mtaa mzima, hesabuni, pimeni hatua mpaka shule na madrasa.

Mbili, maombi yakibandikwa, andikeni pingamizi. Mtu yeyote anaruhusiwa. Hakikisheni mwombaji amepata taarifa yake siku 7 kabla ya kikao, la sivyo pingamizi litatupwa.

Tatu, Katiba imeipa kaunti kazi ya leseni za pombe. Muulize MCA wako: mita za baina ya baa na baa utazipeleka lini bungeni?

Baa ikishafunguliwa, kuifunga ni kazi ngumu. Nendeni mapema.