Kazi za miradi Pwani: ajenti hakujui, jieleze

Tangu gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ifunguliwe Mei 2021, na huku Mombasa eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu likijengwa, lalamiko barazani ni lile lile: kazi za vibarua twapewa, za umeneja zaenda kwa wageni. Lalamiko hilo lina ukweli wake. Lakini kuna mlango mmoja tusiouzungumzia, nao ni ajenti wa ajira.

Siku hizi kampuni na mashirika mengi hayatafuti meneja wa mradi yenyewe. Humlipa ajenti achuje maombi, kisha awapelekee majina machache. Kwa hivyo mahojiano huwa mawili. Ya kwanza ni ya ajenti, mara nyingi kwa simu, na anayekuhoji huenda hajawahi kusimamia hata ujenzi wa choo. Ana orodha aliyopewa na mwenye kazi: miaka ya uzoefu, bajeti uliyoisimamia, idadi ya watu waliokuwa chini yako, vyeti, na lini waweza kuanza. Asilolisikia halitii alama, na mwenye kazi hatalijua jina lako.

Hapo ndipo vijana wetu wengi huangukia. Tumelelewa kwamba chema chajiuza, na mwenye kujitaja ana makeke. Kijana ameendesha mradi wa visima Kwale mwanzo hadi mwisho, lakini akiulizwa hujibu, "Tulisaidiana na wenzangu, alhamdulillahi mambo yakaenda." Ni adabu nzuri, ila ajenti hana pa kuiandika. Ataka kujua visima vingapi, kwa shilingi ngapi, kwa miezi mingapi, na palipoharibika wewe uliamua nini.

Kuyasema hayo, yakiwa ya kweli, si kujigamba. Nabii Yusuf alayhi salaam alipomwomba mfalme amkabidhi hazina za nchi, alizitaja sifa zake mbili waziwazi: ni mwenye kuhifadhi, tena mjuzi. Hakungoja asifiwe na watu.

La pili, kuuliza si ujinga. Kabla hujakubali, uliza mkataba utautia sahihi na nani, ajenti au kampuni yenye mradi? Sheria ya Ajira ya 2007 yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na jina la mwajiri liwemo. Usipolijua, siku mshahara ukichelewa utarushwa huku na kule kama mpira. Hakikisha pia ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na tangu sheria hiyo ifanyiwe marekebisho 2022, mwajiri hafai kukudai vyeti vya kuidhinishwa, ambavyo huwagharimu vijana fedha na siku za foleni, kabla hajakusudia kukupa mkataba.

Hayo ni ya kijana. Viongozi nao wana lao. Badala ya kupiga kelele baada ya nafasi kujazwa, wawakilishi wadi wetu wauulize kila mradi mapema: ajenti wenu ni nani, na nafasi hizi mumezitangaza wapi huku Pwani? Swali hilo likiulizwa baada ya mameneja kuripoti kazini, huwa limechelewa.