Kiwanja cha Michezo Nacho ni Maabara

Wapo wazazi na walimu waaminio kwamba mtoto achezaye nje anapoteza wakati, na kwamba yule aliyetulia ndani mbele ya simu au televisheni yu salama, na pengine anajielimisha. Imani hiyo yafaa ipimwe kwa mizani ya sayansi.

Tumtazame mtoto arushaye tiara. Mkia ukiwa mfupi mno, tiara huyumba na kuanguka. Ukiwa mzito mno, haipandi. Mtoto huurekebisha, hujaribu tena na kulinganisha matokeo. Hiyo ndiyo njia ya mwanasayansi. Mwenzake aundaye gari la waya hupambana na msuguano wa magurudumu kabla hajalisikia neno hilo darasani. Hatusemi kwamba kompyuta ni adui. Bali katika michezo mingi ya simu kanuni zimekwisha kutungwa na mtu mwingine, na mtoto huchagua tu miongoni mwa aliyowekewa.

Afya nayo ina hoja yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikalishwe mbele ya kioo zaidi ya saa 1 kwa siku. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka 3, waliopatwa na tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30 hivi, ilhali katika shule zisizoongezewa muda walikaribia asilimia 40.

Kwa hiyo ni kosa kuigeuza saa ya michezo kuwa saa ya masomo ya ziada. Ni kosa kubwa zaidi kukitoa kiwanja cha watoto kijengwe maduka, kwani kikishajengwa hakirudi.

Walimu, ilindeni saa hiyo na kiwanja hicho. Nanyi wanafunzi, chunguzeni michezo ya wadogo zenu: kwa nini pia husimama wima maadamu inazunguka? Jiwe la mdako hukaa hewani muda gani? Yaleteni maswali hayo katika somo la fizikia. Taifa litakalo wavumbuzi halina budi kuwaachia watoto wake mahali pa kuvumbua.