Kilima si Kiwanja

Imezuka lugha mpya katika baadhi ya majalada ya ardhi. Mahali ambapo mchoro wa mipango miji umeandika "eneo la wazi", jalada huandika "eneo tupu". Masikioni tofauti ya maneno hayo ni ndogo, lakini ndani yake umefichwa wizi mkubwa. Eneo la wazi lina wenyewe, nao ni wengi: watoto wanaocheza, wazee wanaopumzika, wagonjwa wanaotafuta hewa, wapitaji waliochoka. Kitu kitupu hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hupewa mwombaji wa kwanza mwenye fedha. Hivyo ndivyo karani mmoja, kwa kubadili neno moja tu, anavyoweza kuwanyang'anya watu elfu haki yao bila kuinua sauti.

Katika maeneo yote ya wazi, kilima ndicho kinachotamaniwa kwanza. Kina upepo, hakifurikiwi na maji ya mvua, na anayejenga juu yake huuona mji mzima chini ya miguu yake. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kuna watu ambao kuuona mji hakuwatoshi mpaka wawe wanauona peke yao.

Anayetaka kulielewa jambo hili vizuri na aende Nairobi, apande kwa miguu mteremko wa Bustani ya Uhuru jioni ya siku ya kazi, mpaka ukingo wake wa juu, upande wa magharibi. Jua likiwa mgongoni mwake, chini ataona ziwa dogo la kuchimbwa, kisha barabara kuu, mnara wa saa wa Bunge, na lile jengo la mviringo la mikutano lililokamilika mwaka 1973 na kupewa jina la Kenyatta. Nyuma ya hayo yapo mabati ya viwanda na mitaa ya mashariki, kisha tambarare ya Athi inayokwenda hadi macho yachoke. Kelele za magari hufika kule juu zimekwisha kulegea, kama mvumo wa mto ulio mbali. Kwenye nyasi ameketi karani aliyevua viatu. Karibu naye wapo wanafunzi wawili wanaosomeana daftari, mama na watoto wake, na kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi na leo pia hakuipata. Hakuna anayemwuliza mwenzake analipwa kiasi gani. Karani huyo anaiona ofisi yake kutoka juu, dirisha moja katika mamia, na pengine ndiyo saa pekee katika juma zima ambapo mkuu wake wa kazi anaonekana mdogo.

Saa hiyo haikupatikana bure. Reli ilipofika mahali hapo mwaka 1899, wakubwa wa reli walijigawia kilima, wakawapanga wafanyakazi wa chini kwenye tambarare karibu na stesheni, penye udongo mweusi unaoshika maji. Mji ulipokua, Wazungu waliendelea kuchukua nyanda za juu za magharibi na kaskazini, na Waafrika wakasukumiwa mashariki, Pumwani na kwingineko, kipande kikining'inia shingoni. Mwafrika alipanda kilimani kwa ajili ya kazi: kupika, kufua, kupalilia maua ya bwana. Kupanda kwa ajili ya kuketi tu na kutazama hakukuwa kwake. Kwa hiyo Mzee Jomo Kenyatta alipoifungua Bustani ya Uhuru tarehe 23 Mei 1969, jambo lililofanyika halikuwa la maua na nyasi. Mtu wa bondeni aliambiwa kwamba sasa anaweza kupanda na kukaa, na askari asimwulize sababu.

Ndipo ukaja mwaka 1989. Katika bustani hiyo hiyo ilipangwa kujengwa jumba la ghorofa 60, refu kuliko yote Afrika, lenye ofisi, maduka, maegesho ya magari na sanamu kubwa ya Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Mshirika wa kigeni katika mradi huo alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza. Hilo halishangazi, kwani kazi ya bepari ni kutafuta pa kutia mrija. Linalouma ni jina la mshirika wa pili. Alikuwa Kenya Times, gazeti la KANU, chama tawala.

Msomaji wa gazeti la chama asipite haraka mahali hapa. Chama kilichopigania uhuru kilitaka kuiziba Bustani ya Uhuru ili kijenge nyumba ya gazeti lake. Hakukosekana wa kusema kwamba hayo ndiyo maendeleo, kwamba taifa lisilo na jengo refu ni taifa lililolala. Profesa Wangari Maathai, mwanamke aliyekuwa akiwahimiza akina mama wa vijijini kupanda miti, aliandika barua kuuliza swali la kawaida kabisa: wananchi watapumzikia wapi? Majibu aliyoyapata ni aibu kuyasimulia. Novemba mwaka huo wabunge walikitumia kikao cha Bunge kumshambulia, wakawakejeli wenzake kwamba ni kundi la wanawake walioachika. Alipokwenda mahakamani kuomba ujenzi uzuiwe, Desemba 1989 shauri lake lilitupwa kwa maelezo kwamba hana haki ya kushtaki katika jambo hilo. Siku ya Jamhuri, ndani ya bustani hiyo hiyo, Rais alisema kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake likafukuzwa katika ofisi ya serikali lilimokuwa kwa miaka.

Hapana mtu aliyemjibu kuhusu nyasi. Wote walijibu kuhusu ndoa yake. Hiyo ndiyo dalili ya mradi usio na hoja, na mtumishi yeyote akiona mjadala wa ardhi umegeuka kuwa mjadala wa tabia ya mlalamikaji, na alifungue jalada upya.

Mradi ule ulikufa. Wafadhili wa nje waliona haya, fedha zikakosekana, na uzio uliokuwa umeizunguka sehemu ya bustani ukaondolewa. Haifai kujidanganya kwamba haki ilishinda kwa nguvu zake yenyewe. Ilisaidiwa na ukata. Lakini yaliyofuata yanastahili kukumbukwa. Maxwell alikufa baharini Novemba 1991, na baada ya kifo chake ikagundulika kwamba alikuwa amechota mamia ya mamilioni ya paundi kutoka katika akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wake. Watumishi wa umma wanaosubiri pensheni na wapime wenyewe ni mtu wa namna gani aliyekuwa akabidhiwe kilima cha wananchi. KANU nayo ilishindwa katika uchaguzi wa 2002, na tarehe 30 Desemba mwaka huo Rais Moi alikabidhi madaraka kwa Mwai Kibaki mbele ya umati mkubwa wa watu. Mahali palikuwa wapi? Bustani ya Uhuru. Hapo hapo, Agosti 2010, ikatangazwa Katiba mpya ya Kenya. Gazeti lililotaka ghorofa 60 lilifungwa mwaka huo huo wa 2010. Nyasi zipo.

Wala tamaa haikufa pamoja na mradi ule. Mwaka 2019 mpango wa barabara ya juu ya kulipia ulitaka kuumega ukingo wa bustani hiyo, na wananchi wakapiga kelele hadi mchoro ukabadilishwa. Ni miaka 30 kati ya kisa cha kwanza na cha pili. Anayefikiri kwamba eneo la wazi likiokolewa mara moja limeokoka, hajui subira ya wenye fedha.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia vilima na mandhari ni anasa katika nchi ambayo watoto wanakosa madawati. Hoja hii husemwa kwa uso wa huruma, na ndiyo sababu inawapata walimu wengi. Lakini tazama ni nani anayeitumia. Asiye na dawati hajawahi kuomba kilima kikatwe viwanja. Anayeomba ni yule mwenye nyumba tatu, na kilima kikishapimwa na kuuzwa, fedha zake hazionekani zikienda kununua madawati. Tajiri hahitaji bustani ya umma. Ana ua wake, ana veranda yake, na mwisho wa juma ana gari la kumpeleka ufukweni. Mwenye chumba kimoja cha kupanga na watoto watano ndiye asiye na pengine pa kukaa. Kumwambia huyo kwamba bustani ni anasa ni sawa na kumwambia kwamba hewa ni anasa.

Wengine hudai kwamba bustani ni kasumba ya Kizungu. Kasumba ni kuamini kwamba Mwafrika hakujua kutazama mpaka alipofundishwa. Iringa wanalo jabali la Gangilonga, maana yake jiwe linalosema, ambalo masimulizi ya Wahehe yanalihusisha na Mkwawa, kwamba alikuwa akipanda huko kutafakari. Hadi leo anayepanda juu yake huuona mji wote wa Iringa. Katika makabila mengi vilima vya matambiko havikukatwa kuni wala kulimwa, na hapakuhitajika uzio. Lililoletwa na mkoloni ni kibao cha kukataza watu kupita.

Kuna pia hoja ya wahuni na wezi: kwamba bustani ikiachwa wazi hugeuka pango. Ni kweli kwamba mahali pasipotunzwa huharibika. Lakini hakuna aliyependekeza soko liuzwe kwa sababu lina wachomoa mifuko, au stendi ya mabasi igawiwe viwanja kwa sababu ina matapeli. Halmashauri iliyoshindwa kuweka taa nne na mlinzi mmoja ikijitetea kwa kuuza ardhi, inauza ushahidi wa uzembe wake.

Hao wanaopenda kutolea mifano Ulaya nao wasome hadi mwisho. Kaskazini mwa London kipo kilima cha Hampstead, ambacho mtu akisimama huuona mji mkuu wote wa Uingereza. Bwana mwenye ardhi, Sir Thomas Maryon Wilson, alianza kutafuta kibali cha kujenga huko mwaka 1829. Alihangaika miaka 40, mpaka kifo chake mwaka 1869, akipingwa Bungeni na nje ya Bunge. Mwaka 1871 ikapitishwa sheria ya kukitunza kilima hicho kwa ajili ya umma, kisizungushiwe uzio wala kujengwa. Hiyo ni nchi ya mabepari, iliyokuwa wakati huo ikijitayarisha kuigawana Afrika. Hata kwao bepari alikuta mahali pa kukomea. Itakuwa kichekesho iwapo mabepari uchwara wetu hawatakuta.

Kwa maana msingi wa Tanzania katika jambo hili uliwekwa zamani. Mwaka 1958, uhuru ukiwa bado, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa, akipinga ardhi kufanywa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa kama shati. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu wa ardhi ulifutwa kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mdhamini si mwenye mali. Na kama Rais mwenyewe ni mdhamini, ofisa wa kamati ya ugawaji wa viwanja wilayani ni nani hata aitoe kilele cha mlima kwa shemeji yake?

Watumishi waliohamia Dodoma tangu 2016 wanaujua mji huo: tambarare kavu iliyotapakaa vilima vya mawe. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe huko, ilikuwa inachagua mahali ambapo mji ungeweza kupangwa tangu mwanzo, pasiwe na Uzunguni wala Uswahilini. Mwanza wana mawe na vilima vinavyotazama ziwa, na watu wa kipato cha chini wamejenga juu yake kwa sababu chini hawakupata nafasi. Hao wasichanganywe na wanaozungumziwa hapa. Mtu aliyejibanza kati ya majabali kwa kukosa pa kulala hafanani na mtu aliyepewa ekari mbili za kilele ili aweke bwawa la kuogelea. Sheria inayomvunjia wa kwanza na kumpimia wa pili ni sheria iliyokwisha kusahau imetungwa na nani.

Mwalimu wa jiografia anaweza kuanza kesho. Awapandishe wanafunzi kilima kilicho karibu na shule, wakiwa na daftari na ramani ya mji, awaambie watafute shule yao, mto, soko, zahanati, na kila eneo ambalo ramani imelipaka rangi ya kijani. Watoto wana macho makali. Watauliza kwa nini mahali fulani ramani ni kijani na chini pana ukuta na geti.

Swali hilo halitamhusu mwalimu. Litamhusu mtumishi aliye chini ya kilima, kwenye ofisi yenye kabati la chuma. Kama mchoro unasema eneo la wazi na juu ya kilima pana msingi wa zege, basi ndani ya kabati hilo ipo barua, na barua hiyo ina tarehe, muhuri na sahihi ya mtu.