Kutu ya soja: jeni zinajulikana, kazi imebaki Mulungu

Katika teritware za Kabare na Walungu, Kivu Kusini, soja inasagwa na kuchanganywa katika uji wa watoto, hasa wale waliopatwa na kwashiorkor. Inauzwa pia sokoni ili kulipa masomo. Ugonjwa unaoipiga unaingia moja kwa moja ndani ya nyumba.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni kutu. Unaletwa na kuvu inayosafiri kwa upepo. Madoa madogo yanatokea kwanza kwenye majani ya chini, halafu vumbi la kahawia mgongoni mwa jani, halafu majani yanapukutika mbele maganda hayajajaa. Uganda iliuona mwaka 1996. Kuwepo kwake Kongo kuliandikwa rasmi na watafiti mwaka 2007.

Brazili, ambako kutu iliingia mwaka 2001, wenye mashamba makubwa wanapuliza dawa mara kadhaa kwa msimu mmoja, na serkali inakataza soja kubaki shambani kwa majuma mengi kila mwaka ili kuvu ikose pa kuishi. Mama wa Walungu mwenye jembe na kipande cha shamba hana pesa ya dawa hiyo. Kinga yake lazima iwe ndani ya mbegu.

Na kinga hiyo iko. Wataalamu wametambua katika chembe za soja sehemu saba zenye jeni za kupinga kutu, wakazipa majina kutoka Rpp1 hadi Rpp7. Nyingi zilipatikana katika soja za zamani za Asia. Kazi ya jeni hizo ni ya mlinzi: kuvu ikigusa jani, mmea unaitambua na kuua chembe zake chache pale pale. Kutu inaishi kwenye jani hai tu, kwa hiyo inakwama. Leo kipande cha jani kinapimwa maabara na kuonyesha kama mche una jeni hiyo, bila kungoja ugonjwa uje. Hapo mbegu zinazalishwa kwa kupandikiza soja na soja, jambo ambalo halina uhusiano na zile OGM zinazotisha watu.

Shida ni kwamba mlinzi mmoja anatambua aina fulani za kutu tu. Kuvu inabadilika, na jeni iliyoshinda nchi moja inaweza kushindwa kwa jirani. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu sasa wanaunganisha jeni mbili ao tatu katika mmea mmoja. Lakini jeni zipi? Jibu halitoki Brazili wala Amerika. Ni lazima kutu ya Kivu yenyewe ipimwe.

Uganda ilifanya kazi hiyo nyumbani. Chuo Kikuu cha Makerere kilichunguza mbegu za nje katika mashamba ya nchi, na mwaka 2004 Maksoy 1N ikatolewa kwa wakulima, ikifuatwa na nyingine.

Kivu Kusini ina kituo cha INERA huko Mulungu, pamoja na kituo cha IITA huko Kalambo. Kupanda mistari michache ya soja zenye jeni tofauti, kisha kuandika kila msimu ipi imeugua, hakuombi mamilioni. Kunaomba maagronomu wanaolipwa, na njia iliyo salama ya kufika shambani. Vita vimeongeza ugumu, hakuna anayebisha. Lakini hata mbele ya Goma na Bukavu kuanguka mwaka 2025, utafiti wa mbegu uliegemea sana wafadhili wa nje, na mradi ukiisha, daftari linafungwa.

Soja inajichavusha yenyewe. Mkulima akipewa kilo moja ya mbegu yenye kinga, mbegu anayoiweka baada ya mavuno inabeba jeni zile zile. Hatalazimika kununua tena kila msimu. Kwa hiyo wafanyabiashara wa mbegu hawana haraka ya kuileta, na ni serkali inayopaswa kuweka kazi hii katika bajeti ya kilimo, kwa jina lake na kwa kiasi chake.