Breki Kwanza, Mbio Baadaye

Wahenga walinena, haraka haraka haina baraka. Mjomba wangu hapa Kawangware 56 ana Peugeot 504, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1975. Sasa ataka kufungua injini aiongeze nguvu, akiba yote iishie kwa pistoni kubwa na kabureta mpya. Mimi napinga!

Kwanza, silinda zipimwe. Huenda zilishapanuliwa zamani, na chuma kilichobaki ni chembamba. Pili, breki. Gari likizidi mbio, sharti lizidi pia kusimama. Watoto huvuka Naivasha Road wakikimbia, na mmoja wao ni mdogo wangu wa darasa la pili.

Mjomba ati mimi ni mtoto. Sawa, lakini hesabu haina umri. Wasomaji wenzangu, mwaonaje?