Usiku Wetu Hauna Wimbo

Sisi wa zamu ya usiku hapa Huruma, Nairobi, tunataka wimbo wetu, na tunautaka wenye kelele. Rumba tunaipenda, lakini kwa hili haitoshi. Tunataka roki: gitaa la umeme lililofunguliwa sauti yote, ngoma zinazogonga kama mashine ya kiwandani saa tisa usiku, na mwimbaji ambaye koo limemkauka kwa kukosa usingizi.

Redio tunazosikiliza lindoni zimejaa nyimbo za usiku, ila usiku wenyewe ni wa klabu, pombe na mapenzi. Anayefungua geti la hiyo klabu hatajwi. Hata "Nightshift" ya Commodores ya mwaka 1985 ni ya kuwakumbuka Marvin Gaye na Jackie Wilson, waliofariki mwaka uliotangulia. Wimbo mtamu, lakini si wa mtu wa kibarua. Wenzetu wa mchana walishapata mtetezi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Gabriel Omolo na "Lunch Time" yake. Aliwaona wale ambao saa ya chakula ikifika hawana kitu mfukoni, wanajilaza tu wakingoja kurudi kazini, na watu wakaushika wimbo mpaka leo. Sisi saa yetu ya chakula ni saa saba usiku. Nani ameiimba?

Na tuko wengi: walinzi, wauguzi, vibarua wa Industrial Area, wanaooka mikate ambayo jiji linaikuta dukani asubuhi. Agizo la mishahara la serikali linasema mfanyakazi asizidishe saa 52 kwa wiki. Wa usiku? Saa 60. Yaani anayefanya kazi wakati mwili unadai kulala ndiye aliyeongezewa saa nane! Na hizo 60 zimebaki kwenye karatasi. Ingia saa kumi na mbili jioni, toka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita: hizo ni 72. Ukiuliza ovataimu unaambiwa vijana wanaotaka hiyo kazi wamejaa nje. Na mshahara? Februari 2024 mamlaka inayosimamia ulinzi wa kibinafsi ilitangaza kwamba mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Tukashangilia. Kesi ikapelekwa mahakamani, agizo likasimamishwa.

Lakini kinachotumaliza hasa ni mchana. Unatoka Industrial Area kwa miguu kwa sababu nauli ni ya unga. Unapanda ngazi za ploti hadi orofa ya tano, unaning'iniza blanketi dirishani juu ya pazia ili chumba kiwe giza. Saa mbili fundi wa kuchomelea milango anaanza chini, na ule mwanga wa buluu unapenya hata blanketi. Saa tatu spika za kanisa la mabati zinafanyiwa majaribio. Kisha maji yanafika, mitungi inaburutwa kwenye korido, na usipoamka kupanga wako utakaa bila maji hadi yatakaporudi tena. Mtoto akitoka shule adhuhuri anakuta mzazi amelala, naye hana pa kuchezea ila kando ya kitanda hicho hicho. Unamfokea. Halafu unashindwa kulala kwa kuwa umemfokea.

Jirani naye anasema, "Huyu hulala tu kutwa." Neno hilo linauma kuliko mshahara.

Kwa hivyo msimamizi wa ploti, tunaomba kuchomelea kuanze saa sita mchana. Wachungaji, spika zingoje ibada. Na nyinyi bendi za roki mnaopiga Westlands kwa Kiingereza, njooni Huruma mtuimbie kwa lugha tunayopangia zamu. Paa la ploti lipo, stima tutachangishana. Sharti ni moja: mpige baada ya saa tisa alasiri, tukiwa tumeamka na hatujaondoka.