Anayepakia Mzigo Ni Nusu ya Dereva

Wiki hii tumependa kuzungumza juu ya safari, na hasa safari ya familia inayokokota nyumba yake nyuma ya gari.

Msimu wa joto uingiapo Uingereza na skuli za huko kufungwa, jamaa zetu walioko kule hupanga matembezi na watoto wao, na pengine hualika mama mzazi au shangazi kutoka huku pwani aungane nao. Wapo wanaochagua karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari la kawaida. Ndani mna vitanda, jiko na tangi la maji. Familia huepukana na gharama za hoteli, na mama hupika chakula anachokijua na kukiamini. Ni starehe ya halali na yenye heri. Lakini ina masharti yake, nayo hayamhusu dereva peke yake.

Wanaume wanapozungumzia jambo hili huuliza, “Je, injini ina nguvu ya kuvuta?” Swali hilo ni sahihi, ila halitoshi. Kuvuta ni jambo jepesi. Zito ni kusimama, kuteremka kilima, na kubaki katika njia moja wakati upepo unapovuma ubavuni. Na hayo yote hutegemea sana namna mizigo ilivyopangwa. Katika nyumba nyingi anayepanga mizigo ni mama. Kwa hiyo tunasema wazi: anayepakia ni nusu ya dereva, na maneno haya tunamwelekezea yeye kwanza.

Tuanze na uzito wenyewe. Karavani huwa na kibandiko kinachoonyesha uzito wa juu inaoruhusiwa kuwa nao pamoja na kila kilichomo. Tofauti kati ya uzito huo na uzito wake ikiwa tupu ndiyo nafasi yenu ya mizigo, na mara nyingi nafasi hiyo ni finyu kuliko makabati yanavyodanganya. Kabati kuwa wazi si ruhusa ya kulijaza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 kabla hamjapakia mchele, sufuria, mtungi wa gesi na baiskeli za watoto. Ni bora maji yajazwe mfikapo.

Wazoefu wa huko humshauri anayeanza asikokote karavani inayozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake. Gari la kilo 1,400, basi, lisipewe karavani inayozidi kilo 1,190 ikiwa imeshapakiwa. Huo ni ushauri tu. Kisichovukwa kabisa ni kiwango alichokiweka mtengenezaji wa gari. Na yapo magari, baadhi yao ya umeme, ambayo hayakuruhusiwa kukokota chochote. Kitabu cha gari kisomwe kabla pesa hazijatolewa.

Baada ya kiasi huja mpango, na hapa wenyeji wa pwani hatuhitaji mwalimu wa mbali. Mtazameni hamali wa mkokoteni. Mzigo ukielemea nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni huinuka na hamali hukosa pa kukanyagia. Ukielemea mbele kupita kiasi, humlemea mpaka akashindwa kwenda. Hamali stadi huuweka uzito juu ya magurudumu, akaacha sehemu ndogo tu ielemee mbele. Karavani ni vivyo hivyo. Kipimo kinachotumiwa Uingereza ni asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote kulalia ndoano ya gari: kwa karavani ya kilo 1,200, hiyo ni kilo 60 hadi 84, maadamu kiwango cha gari lenyewe hakizidishwi. Mizani ya kupimia watu na kipande cha ubao hutosha kupimia, karavani ikiwa imesimama mahali tambarare na breki yake ya mkono imefungwa.

Na manahodha wetu nao wametufunza kwamba farumi hukaa chini ya jahazi. Basi vyakula vya makopo, hema na vyombo vizito viwe sakafuni, karibu na magurudumu, vifungwe visiteleze. Kabati za juu ziachiwe nguo na mablanketi.

Mpango huu ukipuuzwa, karavani huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Huweza kuwa ni mteremko, au upepo wa lori linalopita, au kasi tu. Kila ikiyumba huvuta nyuma ya gari, na mayumbo yakizidi, vyote viwili huweza kupinduka. Silika ya dereva ni kukanyaga breki kwa nguvu au kupambana na usukani. Yote mawili huzidisha balaa. Aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, ashike usukani sawa, na kuacha mwendo upungue wenyewe. Kisha asimame mahali salama, na mizigo ipangwe upya.

Sheria za huko zimezingatia hatari hii. Gari linalokokota halipaswi kupita maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, katika barabara za kawaida, wala maili 60 katika barabara kuu. Katika barabara kuu zenye safu tatu au zaidi, haliruhusiwi kuingia safu ya kulia kabisa. Tangu Desemba 16, 2021, mwenye leseni ya gari dogo ya Uingereza huruhusiwa kukokota hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Ruhusa hiyo ni ya karatasi. Ujuzi haukuja nayo. Afanye mazoezi ya kurudi nyuma na kukata kona katika uwanja mtupu, bila watoto garini.

Na tunalisisitiza hili kwa akina mama: mtu yeyote asikae ndani ya karavani inapokokotwa, hata mtoto mchanga aliyelala, hata nyanya mwenye maumivu ya mgongo. Sheria imekataza, na hakuna mkanda wala kiti kitakachomshika humo.

Sisi tuliobaki huku tunakokota pia: trela ndogo zenye viti na masufuria ya harusi, ambazo aghalabu hupakiwa kwa haraka na kila mpitaji. Mzigo hauijui nchi. Zito likae chini na karibu na magurudumu, taa na tairi zikaguliwe, mnyororo wa dharura ufungwe. Kutawakali hakuondoi kukagua. Na mama akisema, “Hili limezidi, tulishusheni,” baba asione haya kulishusha.

Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu salama.